Ukimya Ununuliwe Kwenye Ala, Si Ukutani

Anayejifunza udi, fidla au kinanda Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ana shida asiyoijua mwenzake anayekaa Nyali kwenye nyumba yenye bustani na ua. Hapa dirisha la mtu na la jirani yake hutazamana juu ya kichochoro ambacho wawili wakikutana na mizigo, mmoja lazima ampishe mwenziwe. Juu inakaa familia moja, chini nyingine, na ngazi ni ya wote. Hapo karibu kuna msikiti, chuo cha watoto, mgonjwa anayeuguzwa, na mtu wa zamu ya usiku bandarini anayelala mchana. Tena mwanafunzi wa ala hapigi wimbo ukaisha. Hurudia kipande kile kile cha sekunde kumi mpaka vidole vizoee, na kurudiarudia huko humchosha jirani kuliko ukubwa wa sauti yenyewe.

Hata hivyo mazoezi ya nyumbani si anasa. Mombasa ni mji wa taarabu: mji wa mwimbaji Juma Bhalo, na mji alikotia nanga Zein l'Abdin, mpigaji udi aliyezaliwa Lamu mwaka 1939. Udi haujifunziki kwa saa moja ya wiki mbele ya mwalimu. Jukwaa huonyesha tu kile ambacho mkono umeshakijua faraghani, na kijana asiye na mahali pa kupigia ala yake huishia kuitundika. Kwa hiyo swali la makala haya ni la pesa na la utu kwa pamoja: shilingi ya mwanafunzi hununua utulivu mwingi zaidi ikitumika wapi?

Jibu langu ni hili. Anza na saa, kisha ala, kisha sakafu. Ukuta uwe wa mwisho, na kwa walio wengi usiguswe kabisa.

Bei zilizomo humu ni makadirio ya kupangia bajeti. Vifaa vingi huagizwa kutoka nje na bei yake hufuata dola: mapema mwaka 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huo huo ilikuwa imerudi karibu 130. Ulizia maduka mawili matatu kabla ya kutoa pesa.

Sauti hupita wapi

Nyumba nyingi za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Ukuta wa namna hiyo tayari ni kizuizi kizuri cha sauti. Udhaifu uko kwenye madirisha ya mbao yaliyotengenezwa yapitishe upepo, kwenye mlango usiogusa sakafu, na kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na mabati. Sauti ni kama maji, hutafuta ufa. Fizikia inatuambia kwamba asilimia 1 tu ya eneo la ukuta ikiwa wazi, ukuta mzima hauwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ukiwa na unene wa nusu mita. Kwa kulinganisha, sauti ikishuka desibeli 10, sikio huiona imepungua kwa nusu. Ndiyo maana anayenenepesha ukuta na kuacha dirisha wazi anapoteza pesa.

Njia ya pili ni sakafu. Sakafu iliyobebwa na boriti au mbao husafirisha mtetemo: mguu wa stendi ya kinanda, kisigino kinachohesabu mapigo, kanyagio la ngoma. Mtetemo huo hauzuiwi na pazia wala kwa kufunga dirisha. Jirani wa chini huusikia darini kwake kama mtu anayegonga.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio lisilo na gharama. Mwombe mtu apige ala yako chumbani kwa nguvu unayoitumia wewe, kisha utoke usimame kichochoroni, halafu kwenye ngazi, halafu, ukikaribishwa, chumbani kwa jirani wa chini. Tumia programu ya simu ya kupimia sauti. Programu hizo hukosea desibeli kadhaa kwa kipimo halisi, lakini zinatosha kulinganisha dirisha likiwa wazi na likiwa limefungwa. Utajua sauti yako inatoka hewani au sakafuni, na jibu hilo ndilo litakaloamua ununue nini.

Sheria inadai nini

Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizo chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zimeweka viwango. Ndani ya makazi ni desibeli 45 mchana na 35 usiku. Nje katika eneo la makazi ni 50 mchana na 35 usiku. Na eneo la makazi lililochanganyika na biashara ni 55 mchana na 35 usiku. Mchana wa kanuni hizo huisha saa 2 usiku, na usiku wake huendelea hadi saa 12 asubuhi. Katiba nayo imeikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kudhibiti kelele.

Desibeli 35 ni kidogo mno. Ni utulivu wa chumba ambamo watu wanalala. Ala yoyote ikipigwa kwa sauti yake kamili kando ya dirisha lililo wazi itapita hapo. Lakini kanuni hizo haziangalii kipimo peke yake. Katika kuamua kama kelele ni ya kuudhi, hutazamwa saa, ukaribu wa makazi, kama kelele ni ya kurudiarudia, kama imekuzwa kwa umeme, na kama mwenye kuitoa angeweza kuizuia bila taabu au gharama kubwa. Kigezo hiki cha mwisho kinamhusu kila msomaji wa makala haya. Kama kipo kifaa cha shilingi 1,000 cha kukata sauti ya fidla yako, jirani ana haki ya kuuliza kwa nini hukukinunua.

Cha kwanza hakina bei: saa

Kabla ya duka, nenda barazani. Bisha hodi kwa jirani wa juu, wa chini na wa mkabala, sema unajifunza nini, na uliza saa gani inamfaa. Usiende na saa zako mkononi ukitaka zikubaliwe. Uliza kwanza nani ana mtoto mchanga, nani ana mgonjwa, nani anafanya zamu. Kwa mpangilio wa mtaa huu, muda kati ya alasiri na magharibi huwa na shughuli nyingi njiani, na sauti ya ala humezwa na nyingine. Baada ya isha ni muda wa hedifoni pekee. Adhana ikianza, mkono uondoke kwenye nyuzi mpaka swala iishe. Mtaani kukiwa na kilio, ala ifungwe kwa siku ambazo wafiwa wamekaa matanga. Ramadhani ina ratiba yake, na anayeipanga mapema hupata ridhaa kirahisi kuliko anayengoja alalamikiwe.

Nusu saa mbili zilizokubaliwa zina faida kuliko saa moja na nusu ya kuviziana. Mwanafunzi anayeogopa kusikika hupiga kwa mkono uliokunjamana, na kosa hilo huchukua muda mrefu kuliondoa.

Ala kwa ala

Udi na gitaa. Hizi ni ala za upole, na dawa yake ya kwanza iko nyumbani. Chukua kipande cha leso, kikunje kiwe mkanda wa upana wa vidole viwili, ukiingize chini ya nyuzi, karibu kabisa na pale zinapofungwa kwenye uso wa udi. Kiguse nyuzi bila kuzisukuma juu. Piga: mlio mrefu unakatika, unabaki mgoto mfupi mkavu. Wewe uliyeinama juu ya ala bado unasikia kama kidole kimekaa kwenye noti au kimeteleza, lakini mtu aliye kichochoroni hapati kitu cha kumsumbua. Gharama ni sifuri. Jihadhari na kosa moja la dukani: maiki ndogo ya kubandika (shilingi 500 hadi 1,500) ikiunganishwa na hedifoni haipunguzi sauti ya udi hata kidogo, kwa sababu mbao bado inalia. Inakufaa kurekodi, haikufai kunyamazisha.

Taishokoto. Ala hii ya nyuzi na vitufe, iliyobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na baadaye ikawa alama ya taarabu ya Mombasa, ni rafiki wa nyumba za ghorofa. Kasha lake ni jembamba na mlio wake wenyewe ni mdogo. Yenye umeme, ukiichomoa kwenye spika na kutumia kikuza sauti kidogo cha hedifoni (shilingi 2,000 hadi 4,000), unaweza kufanya mazoezi baada ya isha bila hofu. Tatizo ni upatikanaji: nyingi ni za kurithiana au kununuliwa kwa mtu.

Fidla. Sauti yake ni kali na huingia ndani ya chumba cha jirani kuliko ya udi. Nunua kipande kizito cha mpira kinachobanwa juu ya daraja linaloshikilia nyuzi, shilingi 500 hadi 2,000. Katika orodha yote hii sioni kifaa kinacholipa zaidi kwa bei yake. Kasoro yake ni kwamba hukufichia makosa ya upinde, kwa hiyo dakika za mwisho za zoezi, ndani ya saa mliyokubaliana, kiondoe usikie ukweli. Fidla ya umeme isiyo na kasha la sauti, kama zile ambazo Yamaha ilianza kuziuza mwaka 1997, hupita shilingi 100,000 ikiwa mpya. Ni ala nzuri kwa mpigaji anayelipwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asikope kwa ajili yake.

Kinanda cha umeme. Kwa nyumba ya Kibokoni, hiki ndicho chepesi kukisimamia. Kipya cha vitufe 61 ni kati ya shilingi 25,000 na 45,000. Kilichotumika huanzia 15,000. Kabla ya kulipa, angalia mambo matatu. La kwanza, tundu la hedifoni lifanye kazi pande zote mbili, kushoto na kulia. La pili, kama kinakubali betri, kwani stima hukatika. La tatu, vitufe vyenyewe: vingine hugonga kwa kishindo hata sauti ikiwa imezimwa. Hedifoni iwe ya waya, shilingi 1,500 hadi 4,000. Zile za Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, kidole kikagonga sasa na noti ikaja baadaye, na mwanafunzi akapoteza mapigo akidhani kosa ni lake. Usifungue sauti mpaka mwisho: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika desibeli 80, na mtoto katika desibeli 75.

Dumbaki, tari na ngoma. Dumbaki ijazwe leso au fulana kuukuu kupitia mdomo wake wa chini. Uvumi hupotea na vidole hubaki na kazi yao. Kwa anayejifunza drams za fimbo, kibao cha mpira cha mazoezi ni shilingi 1,500 hadi 4,000 na kinatosha kwa miezi mingi. Drams za umeme ni shilingi 60,000 hadi 150,000, na wauzaji huzisifu kuwa za kimya. Hewani ni kweli. Sakafuni si kweli, kwa sababu kanyagio hupiga ubao na jirani wa chini hupigwa nalo. Ukizinunua, zitengenezee jukwaa: plaiwudi nzito juu ya vipande vya tairi kuukuu, kazi ya shilingi 3,000 hadi 5,000 kwa fundi seremala. Drams halisi zisiletwe ndani ya nyumba hizi.

Tarumbeta na nzumari. Kizibo cha mazoezi kinachoingizwa mdomoni mwa tarumbeta ni shilingi 3,000 hadi 8,000 na hupunguza sauti kwa kiasi kikubwa, ingawa pumzi huwa nzito na noti hupanda kidogo. Chenye maiki na hedifoni hupita 25,000. Nzumari haina dawa ya namna hiyo. Mwenye nzumari atafute nafasi wazi.

Chumba: nini kinafaa, nini ni hasara

Trei za mayai na povu la kubandika ukutani ndizo hasara ya kwanza. Povu hupunguza mwangwi ndani ya chumba, likakufanya udhani nje nako kumetulia. Haliizuii sauti kutoka, kwa sababu ni jepesi, na kinachozuia sauti ni uzito usio na ufa. Kwa hewa ya Mombasa povu hushika ukungu, na likiwaka moto huenea haraka kwenye nyumba zilizobanana zenye boriti na madirisha ya mbao. Mapazia mazito na duveti za mtumba kutoka soko la Kongowea, shilingi 500 hadi 1,500 kila moja, yana kasoro hiyo hiyo ya kutozuia, ila ni rahisi, huondoleka, na huondoa ukali wa mwangwi unaokufanya upige kwa nguvu zaidi.

Penye pesa chache na faida kubwa ni kuziba nyufa. Mpira wa kuzungushia mlango ni shilingi 300 hadi 600. Kisha mwite fundi seremala akate ubao mzito wa kuingia barabara ndani ya fremu ya dirisha kwa ndani, wenye blanketi pembezoni na vishikio viwili. Unaupachika unapoanza, unauondoa unapomaliza. Kadiria shilingi 3,000 hadi 6,000. Hugusi uso wa nyumba, jambo la maana katika eneo la hifadhi ambapo kubadili madirisha ya nje kunahitaji idhini kupitia ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Na ukihama, unaondoka nao.

Gharama iliyojificha hapa ni joto. Chumba kilichozibwa mwezi wa Februari hakikaliki kwa muda mrefu, na udi wenyewe hauupendi unyevu wa jasho na hewa nzito. Feni ya wati 60 hutumia chini ya shilingi 2 za stima kwa saa. Kiyoyozi kidogo hula karibu uniti moja kwa saa, shilingi 25 hadi 30, mbali na bei ya kukinunua na kukifunga. Nusu saa na feni, kisha ubao uondolewe na hewa ipite, ndio mpango unaowezekana.

Sasa ukuta. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 3.5. Kuta na dari vina eneo la mita za mraba 51. Bodi ya jasi ya futi 8 kwa 4 hufunika kama mita za mraba 2.9, kwa hiyo tabaka mbili zitakula bodi 36. Kwa shilingi 1,000 kila moja, hizo ni 36,000 kabla ya mbao, sufi ya kujazia, mlango mzito na mikono ya mafundi. Jumla hufika 150,000 kwa urahisi. Uzito ndio wa kutisha zaidi. Kwa kilo 8 au 9 kwa kila mita ya mraba, tabaka hizo mbili zina karibu kilo 900, na unazipandisha juu ya boriti za nyumba ya zamani. Mpangaji hana haki ya kufanya hivyo, na mwenye nyumba asikubali bila kumwita mhandisi.

Kukodi au kutoka

Hesabu ya kukodi chumba cha mazoezi ni rahisi kuifanya mwenyewe. Ukitozwa shilingi 500 kwa saa, kwa saa 3 kila wiki, ni 1,500 kwa wiki na 78,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya kinanda kipya na hedifoni nzuri. Kukodi kunafaa bendi inayogawana gharama, au mwenye ala isiyonyamazika. Karibu na Fort Jesus ipo Swahilipot Hub, inayohudumia vijana wa sanaa na teknolojia. Inafaa kuulizia nafasi huko kabla ya kulipa kwingine. Kwa tarumbeta na nzumari, bustani ya Mama Ngina iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2019 ina upepo, bahari na nafasi, kwa nauli ya tuktuk ya shilingi mia mbili hivi kwenda.

Kulingana na mfuko

Chini ya shilingi 1,000: mazungumzo na majirani, leso chini ya nyuzi au ndani ya dumbaki, mpira wa mlango. Mwenye udi anaweza kuishia hapa.

Shilingi 5,000 hadi 10,000: kibanio cha fidla au kizibo cha tarumbeta au kibao cha drams, kisha ubao wa dirisha. Hiki ndicho kiwango ninachokipendekeza kwa wengi.

Shilingi 30,000 hadi 50,000: kinanda cha umeme, hedifoni ya waya, na vipande vya tairi chini ya stendi.

Shilingi 60,000 kwenda juu: ala za umeme za fidla au drams, kwa anayepiga kwa riziki. Ukuta wa pili ndani ya nyumba ya zamani siupendekezi kwa bei yoyote.

Tofauti kati ya kundi la pili na ukuta ni kama shilingi 140,000. Mwalimu akitoza 1,000 kwa somo, hizo ni masomo 140, karibu miaka mitatu ya kufundishwa kila wiki. Mzazi ambaye mwanawe ameleta ala nyumbani, alipie masomo hayo kwanza, na jioni ya leo aende akabishe hodi kwa jirani.